Paka mnene kati ya paka wengi: namna ya kumpunguza uzito bila kuwakondesha wenzake

Katika viwanja vingi vya Bukavu, kuanzia Nguba hadi Bagira, ni nadra paka kufugwa peke yake. Familia humleta jike mmoja kwa sababu ya panya, jike huzaa, watoto wawili wanabaki, kisha jirani anayehama anamwachia mwenye nyumba paka wake, na baada ya muda nyumba inajikuta na paka wanne wanaokula katika sahani moja iliyowekwa mlangoni mwa jiko. Ni katika nyumba za namna hii ndipo paka mmoja hunenepa kupita kiasi huku wenzake wakibaki na mbavu za kuhesabika, na wenye nyumba wakadhani kwamba ndivyo alivyoumbwa. Mara nyingi anayenenepa ni yule anayefika kwanza kwenye sahani, anayemaliza sehemu yake na kuhamia ya mwenzake, na ambaye kila mtu nyumbani humpa kitonge kwa kuwa anajua kuomba. Uzito wake unatokana na jinsi chakula cha nyumba nzima kinavyogawanywa, na kwa sababu hiyo anayetaka kumpunguza lazima apange upya mlo wa paka wote, hata wale wasio na tatizo.

Kwetu paka aliyenona husifiwa, na mgeni akimwona huona kwamba nyumba ina neema. Sifa hiyo inaeleweka, lakini mwili wa paka hauko hivyo. Paka mnene yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari, viungo vyake huchakaa mapema, njia yake ya mkojo huweza kusumbuka, na hawezi tena kufikia mgongo wake kwa ulimi, hivyo manyoya ya sehemu hiyo hushikamana na ngozi huanza kuwasha. Isitoshe, katika mji wa miteremko na kuta kama huu wetu, paka asiyeweza kuruka ukuta mbwa akimfukuza hana pa kukimbilia. Aliyehasiwa huhitaji uangalizi zaidi, kwa kuwa baada ya upasuaji mahitaji yake ya chakula hupungua kwa kiasi cha robo hivi, ilhali hamu yake ya kula huongezeka. Kuhasi ni jambo jema ambalo ningemshauri kila mwenye paka wengi alifanye, ila siku hiyohiyo kipimo cha chakula nacho kinapaswa kubadilika.

Kuhakikisha kwanza kwamba ni unene

Tumbo kubwa si lazima liwe la mafuta. Mpapase paka mbavuni kwa vidole vilivyolegea. Mbavu za paka mwenye uzito mzuri husikika jinsi mifupa ya nyuma ya kiganja chako inavyosikika unapoipitishia vidole vya mkono wa pili: ipo, inahesabika, lakini imefunikwa kidogo. Ikiwa inakubidi ubonyeze ndipo uzipate, paka amenenepa. Ikiwa huzipati kabisa, amenenepa sana. Mtazame pia kutoka juu akiwa amesimama, uone kama nyuma ya mbavu pana kiuno au kama ubavu umenyooka au hata kutokeza. Madaktari wa wanyama hutumia kipimo cha alama 1 hadi 9, ambapo 5 ndiyo hali njema, na kila alama inayoongezeka juu ya hapo huhesabiwa kuwa uzito wa ziada wa asilimia 10 hadi 15.

Kile kifuko cha ngozi kinachoning'inia chini ya tumbo karibu na miguu ya nyuma ni cha kawaida kwa paka wengi, wembamba na wanene, wala kisikutishe. Kinachopaswa kukutia wasiwasi ni tumbo lililojaa huku mifupa ya uti wa mgongo ikichomoza, maana huo ni ugonjwa au minyoo na si unene, na kumpunguzia chakula paka wa namna hiyo ni kumwongezea madhara. Jike ambaye hajahasiwa huenda ana mimba, ambayo huchukua siku zipatazo 63 hadi 65. Asipunguziwe chakula hata kidogo akiwa na mimba wala anaponyonyesha. Kwa hiyo mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo, umwombe amkague, awape paka wote wa nyumba dawa ya minyoo kulingana na uzito wa kila mmoja, na akubaliane nawe kuhusu uzito unaolengwa. Hata daktari aliyezoea zaidi ng'ombe na mbuzi ataweza kukusaidia ukimfikia na maswali yaliyo wazi: je, kuna ugonjwa unaoeleza unene huu, je, moyo na viungo vinaruhusu mazoezi, na uzito upi unamfaa paka huyu? Paka wetu wa kienyeji walio wengi, wakiwa na afya, majike huwa na kilo 3 hadi 4 na madume kilo 4 hadi 5.

Kupima uzito nyumbani si kazi ngumu. Mizani ya kusimamia watu inatosha: jipime ukiwa umempakata paka, kisha ujipime peke yako, utoe. Ila mizani hiyo haionyeshi vizuri tofauti ndogo, na safari yote hii ni ya gramu chache chache. Anayeweza kupata mizani ya jikoni au ya dukani inayobeba kilo 10, amweke paka ndani ya kikapu au katoni yenye kitambaa na kutoa uzito wa kikapu, atafanya kazi kwa uhakika zaidi. Pima paka wote, si mnene peke yake, na uandike katika daftari moja. Sababu ya kuwapima wote itaonekana mbele.

Usimfungie njaa

Shauri ambalo watu hupeana kwa wepesi ni kumnyima paka chakula siku mbili tatu ili mafuta yayeyuke na arudie kuwinda. Shauri hili linaweza kumuua, na ninasisitiza jambo hili kuliko yote yaliyomo humu. Paka mnene anapoacha kula ghafla, mwili wake huyatoa mafuta uliyoyaweka akiba na kuyamimina kwenye ini yote kwa pamoja, na ini la paka haliwezi kuyashughulikia kwa kasi hiyo. Mafuta hujaa ndani ya ini lenyewe, ini hushindwa kufanya kazi, na paka ambaye juzi alikuwa mzima huanza kutapika, kudondosha mate, kujificha na kukataa hata samaki anayempenda. Ndani ya masikio, kwenye fizi na katika weupe wa macho hutokea rangi ya njano. Siku chache tu bila chakula zinatosha kuanzisha balaa hilo, na kadiri paka alivyo mnene ndivyo hatari inavyokuwa kubwa. Kwa hiyo weka kanuni hii nyumbani: paka mnene akipitisha siku nzima bila kula, anashawishiwa kwa chakula anachokipenda kilichopashwa moto kidogo ili kinukie, akifikisha siku ya pili, anapelekwa kwa daktari bila kungoja kesho.

Hata hoja ya panya haina msingi. Hamu ya paka kuwinda haitegemei njaa peke yake, na aliyeshiba huwafuata panya vilevile. Anachokosa paka mnene ni wepesi wa kuruka na pumzi ya kukimbia, na hivyo humrudia anapopungua polepole.

Mwendo unaofaa ni kupoteza kati ya asilimia 0.5 na 2 ya uzito wake kwa wiki, na lengo jema ni asilimia 1. Paka wa kilo 6 atapungua gramu 60 hivi kwa wiki mwanzoni. Akilenga kilo 4.5, safari yake ni ya miezi sita hadi minane, na familia nzima ielezwe hivyo mapema ili pasiwe na mtu wa kukata tamaa mwezi wa pili.

Hesabu ya chakula chake

Kiasi cha chakula huhesabiwa kwa uzito unaolengwa, si kwa uzito alio nao sasa. Simu yoyote yenye kikokotoo inatosha. Chukua uzito unaolengwa, tuseme 4.5, uuzidishe kwa wenyewe hivi: 4.5 mara 4.5 mara 4.5, utapata 91.1; bonyeza alama ya kipeuo cha pili mara mbili mfululizo, utapata karibu 3.09, zidisha kwa 70, utapata 216. Hizo ndizo kilokalori ambazo mwili wa paka wa uzito huo hutumia kwa siku akiwa amepumzika, na ndizo zinazoandikwa kcal kwenye mifuko ya chakula. Hapa nitaziita kalori kama watu wanavyoziita. Kwa kumpunguza uzito, anza na asilimia 80 ya idadi hiyo, yaani kalori 173 kwa siku. Ni mahali pa kuanzia tu. Mizani ndiyo itakayosema kama ziongezwe au zipunguzwe.

Sasa linganisha hesabu hiyo na yanayotoka jikoni kwetu. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya mawese kina kalori zipatazo 120, yaani takriban theluthi mbili ya mlo wake wa siku nzima, na hakuna anayekihesabu kwa kuwa kimejificha kwenye bugali uliochovywa mchuzi. Kikombe kimoja cha maziwa kina zaidi ya kalori 100, na paka wakubwa wengi hawayasagi maziwa vizuri, wakaharisha. Kipande cha jibini ya Masisi cha gramu 20 kina kalori 70 hivi. Bugali wa muhogo nao ni wanga mtupu ambao karibu hauna protini, ilhali paka ni mnyama wa nyama, na anayepunguzwa uzito anahitaji protini zaidi ili mafuta ndiyo yaondoke na misuli ibaki. Kwa maoni yangu bugali uondolewe kabisa katika sahani ya paka huyu. Mchuzi wa binadamu uondolewe pia kwa sababu nyingine nzito zaidi: vitunguu na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, hata vikiwa vimepikwa na hata vikiwa vimeondolewa baada ya kuchemka.

Chakula kinachopatikana kwa urahisi katika mji wetu ni sambaza. Samaki huyu hakuwamo katika Ziwa Kivu tangu mwanzo. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndiye mlo wa paka wa Bukavu pengine kuliko kitu kingine chochote. Sambaza mbichi wana kalori zipatazo 100 kwa kila gramu 100, zikiongezeka kidogo wanaponona, kwa hiyo kalori 173 ni kama gramu 170 za sambaza waliopimwa kabla ya kupikwa. Sambaza wakavu wamepoteza maji, na kwa uzito uleule hubeba kalori mara tatu hivi. Kiasi cha siku ni gramu 57 hivi tu. Hapa ndipo mipango mizuri huharibika bila mtu kujua. Wavuvi wa sambaza huvua usiku kwa taa, na usiku wa mbalamwezi taa hazivuti samaki vizuri, hivyo kila mwezi kuna siku ambapo sambaza wabichi huadimika na mama wa nyumbani hununua wakavu. Asipobadilisha kipimo, paka hula kwa siku hizo mlo wa siku mbili au tatu kila siku, na mwisho wa mwezi watu wanashangaa kwa nini mizani haijasogea. Andika vipimo vyote viwili, cha wabichi na cha wakavu, uvibandike ukutani jikoni.

Wapike kwa maji kidogo bila chumvi, bila mafuta na bila kiungo chochote. Kupika kuna faida yake, kwa maana samaki wabichi wa aina nyingi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na moto hukivunja. Maji waliyopikiwa yasimwagwe, bali wapewe nayo, kwa kuwa humo huingia taurini, kirutubisho ambacho paka hawezi kukitengeneza cha kutosha mwilini mwake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1987 ulionyesha kwamba paka wanaokikosa hupatwa na ugonjwa wa moyo, na kabla ya hapo ilikwisha kujulikana kwamba upungufu huo huharibu macho. Wakavu waloweke na uwasuuze kwanza ili mchanga na chumvi vitoke.

Hata hivyo samaki peke yake kwa miezi minane si mlo kamili. Samaki wengi wenye mafuta bila vitamini E ya kutosha humletea paka uvimbe wenye maumivu katika mafuta ya mwili. Badilisha siku kwa siku: nyama ya kuku isiyo na ngozi, nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, moyo wa ng'ombe ambao una taurini nyingi, yai lililochemshwa. Maini ni mazuri kwa kiasi kidogo mara moja kwa wiki, kwa kuwa vitamini A ikizidi huharibu mifupa. Mwenye uwezo wa kununua chakula kamili cha paka cha dukani amerahisishiwa kazi, hasa kikiwa cha kupunguza uzito, ambacho huongezewa protini na vitamini ili kiasi kidogo kitosheleze. Ila asome mfuko, kwa sababu chakula kikavu cha kawaida huwa na kalori 350 hadi 400 katika gramu 100, na bakuli linalojazwa kila linapopungua ndilo lililowanenepesha paka wa miji mingi ya dunia. Kuhama kutoka chakula kimoja kwenda kingine kuchukue siku 7 hadi 10, kikichanganywa kidogo kidogo, kwa kuwa paka mwenye msimamo anaweza kukataa chakula kipya hadi ini lake lidhurike.

Kutenganisha sahani

Kabla ya kubadilisha chochote, keti kando wakati wa mlo kwa siku chache uangalie nani anakula nini. Paka hawapigani daima kwa makucha. Mwenye nguvu anaweza kukaa tu katikati ya njia ya jikoni na kukodoa macho, na hilo linatosha kumrudisha mwenzake nyuma. Mnyonge huja mwishoni, hula akiwa amesimama huku akigeuka kila mara, au humeza kwa haraka na kutapika nyuma ya nyumba. Paka kwa asili yake huwinda peke yake na hula peke yake, na sahani moja ya pamoja, ambayo kwetu sisi ni ishara ya udugu, kwake ni mashindano. Mara nyingine paka mnene anakula kupita kiasi kwa sababu hana uhakika wa sehemu yake, na akishapata mahali pake pa utulivu hata ulafi wenyewe hupungua.

Jambo la kwanza ni kuacha mtindo wa chakula kinachokaa chini siku nzima. Weka milo ya saa maalumu, mitatu ikiwezekana, wa mwisho ukiwa usiku kabla ya kulala ili asiamshe watu alfajiri. Kila paka awe na sahani yake mahali pake, na mahali hapo pasibadilike. Baada ya dakika 20 hadi 30 sahani zote huinuliwa, zilizobaki na chakula na zilizo tupu, na chakula kilichobaki kinapimwa na kurudishwa kwenye sehemu ya mwenye nacho. Siku chache za mwanzo waliozoea kudonoa mchana kutwa watalalamika, kisha tumbo hujifunza saa.

Njia iliyo bora ni mlango. Mnene ale chumbani mlango ukiwa umefungwa, wengine wale sebuleni au jikoni. Ninapendekeza afungiwe yeye na wala si wanyonge, kwa sababu ndiye mmoja, na kwa sababu asiyemwona mwenzake akila hana cha kungojea. Nyumba ya vyumba viwili yenye watu wanane haina milango ya kutosha, najua, na kwa nyumba hizo kuna tenga kubwa la kusafirishia kuku: lifunike paka na sahani yake ndani, weka kitambaa juu ili asione nje, mfungulie akimaliza. Mwanzo umzoeshe kwa kumwekea chakula ndani tenga likiwa wazi, ili asilione kuwa adhabu.

Kimo nacho husaidia. Paka mwembamba na mwepesi anaweza kulishwa juu ya kabati au ukuta mfupi ambao mnene haufikii. Tahadhari ni mbili. Paka mzee mwembamba naye huenda hawezi kupanda, akakosa mlo huku wewe ukidhani anakula. Na mnene akipungua ataanza kufika, ambalo ni jambo la kufurahia, lakini siku hiyo ukuta umekwisha kazi yake. Kwa paka wadogo na wale wembamba sana, fundi seremala anaweza kutengeneza sanduku lenye tundu la kupitia mwembamba pekee. Pima upana wa mabega ya mwembamba na uongeze nafasi kidogo, lainisha kingo za tundu, na kaa pale siku za kwanza, maana mnene atajaribu, na hupaswi kumruhusu akwame. Katika nchi tajiri kuna sahani za umeme zinazofunguka kwa paka mmoja tu. Hazina ulazima wowote mahali ambapo kuna mtu wa kufungua na kufunga mlango.

Sahani za maji ziwe nyingi kuliko moja na zikae mbali na chakula. Wenye masanduku ya mchanga ndani ya nyumba wayatawanye pia, ili mbabe asiweze kuilinda njia ya mahitaji yote akiwa sehemu moja.

Mikono ya watu

Hesabu yote hiyo huvunjwa na upendo wa watu. Mtoto humdondoshea paka kichwa cha samaki, msaidizi wa nyumbani humwagia makombo ya sufuria, na koko, yaani bibi au babu wa nyumba, ambaye huketi mlangoni na kumpapasa kutwa, humgawia kipande cha kila anachokula. Kumkataza koko ni ukosefu wa adabu na pia hakuleti matokeo, kwani atatoa usipomwona. Ninaona njia hii ni ya heshima zaidi: asubuhi chakula chote cha siku cha paka mnene kipimwe na kutiwa katika kopo moja lenye mfuniko. Kila anayetaka kumpa kitu, wakati wowote, anatoa humo. Koko abaki na haki yake ya kutoa, tena apewe sehemu ya mlo wa jioni iwe ni yake ya kugawa kwa mkono, na kopo likiisha, siku imeisha. Umeme ukikatika mara kwa mara, pika chakula cha siku moja tu, na wakati wa joto igawe kazi ya kupika mara mbili, kwa kuwa samaki aliyeharibika humdhuru paka kama anavyomdhuru mtu.

Mtu mmoja ndiye awe na daftari na kauli ya mwisho. Watoto wakikabidhiwa kazi ya kusoma mizani na kuandika huwa walinzi wakali kuliko watu wazima.

Nje ya nyumba kuna viwanja vya jirani, malewa (vibanda vya kuuzia chakula) za njiani na majalala ya soko. Paka anayetoka hawezi kufungwa, wala sidhani inafaa kumfunga ghafla aliyezoea kutoka, lakini jirani anaweza kuombwa. Nenda mwenyewe, mweleze mama wa nyumba ile kwamba paka yuko kwenye matibabu na kwamba chakula cha ziada kinamdhuru. Neno matibabu linaeleweka na kuheshimiwa kuliko neno kupunguza uzito. Mpe mlo wake kabla ya saa anazozoea kuzurura. Na ukumbushe watu wa kiwanja kuhusu sumu ya panya, kwa sababu paka anayeanza tena kuwinda anaweza kumla panya aliyekula sumu.

Kumfanya ajongee

Mazoezi peke yake hayapunguzi uzito wa kutosha, lakini hulinda misuli. Vuta kamba yenye fundo la kitambaa kwa dakika tano, mara mbili au tatu kwa siku, ukimwacha aikamate mwishoni. Sehemu ya chakula chake ifichwe vipande vipande kwenye ngazi au pembe za chumba ili aitafute, wenzake wakiwa nje. Paka mwenye viungo vinavyouma asilazimishwe kuruka.

Kusoma mizani

Pima kila wiki au kila wiki mbili, siku ileile, kabla ya mlo wa asubuhi. Akipoteza zaidi ya asilimia 2 kwa wiki, ongeza chakula kwa asilimia 10. Asipopungua kwa wiki tatu au nne, kabla ya kukata chakula tafuta kwanza mahali anapokula kwa siri, kwani karibu daima papo. Ukiwa na hakika kwamba hapana, ndipo upunguze asilimia 10, na usipunguze mara ya pili bila kuzungumza na daktari.

Safu za paka wengine katika daftari ndizo zitakazokuambia kama utengano unafanya kazi. Wote wakipungua pamoja, umegawa kidogo kwa nyumba nzima badala ya kugawa kwa haki, na mnene bado anachukua cha wenzake. Mtoto wa paka lazima azidi kuongezeka wiki kwa wiki hadi akaribie mwaka. Mzee anayekula vizuri na bado anakonda aonwe na daktari, kwa sababu magonjwa ya tezi ya shingo, ya figo na ya kisukari huanza hivyo.

Akifikia uzito uliolengwa, ongeza chakula kwa asilimia 10 kila baada ya wiki mbili hadi mizani isimame, na kipimo hicho ndicho kiwe chake cha kudumu. Milo ya saa maalumu, mlango uliofungwa na kopo la asubuhi viendelee, na apimwe mara moja kwa mwezi. Akiongezeka gramu 200 juu ya uzito wake mpya, rudi kwenye kipimo cha kupunguza uzito wiki hiyohiyo.